"Extrinsic": tuendelee na "-a nje" au kuna neno bora?

KalamuYaUsiku:
Wakuu, salaam. Natafsiri kitabu cha anatomia cha wanafunzi wanaoanza, na neno extrinsic limenikwamisha. Tangu sura ya kwanza nimeandika "-a nje", nikaridhika. Jana nilifika kwenye kiganja, nikaandika "misuli ya nje ya kiganja". Rafiki anayenihakikia akasoma, kisha akaanza kujibonyezabonyeza mgongo wa kiganja akiitafuta chini ya ngozi. Haikuwa pale. Nimekosa usingizi, maana kosa ni langu na mwanafunzi atalibeba hadi kwenye mtihani. Kwenye fani zenu neno hili lina maana gani hasa?

MnyooshaViungo:
Pole, ndugu. Mwambie rafiki yako ashike kigasha kwa mkono wa pili, chini kidogo ya kiwiko, kisha achezeshe vidole kama anayepiga kinanda. Atahisi nyama inatembea. Misuli ndiyo hiyo! Imeanzia kwenye kigasha, kano zake zikapita kifundo cha mkono mpaka vidoleni. Kwa hiyo ni misuli iliyoanzia nje ya kiungo inachokisogeza. Ile minofu ya chini ya kidole gumba ndiyo ya kiganja chenyewe.

Damu nayo ni hivyohivyo. Njia ya extrinsic ya kuganda kwa damu inaitwa hivyo kwa sababu kichocheo chake ni protini iliyo kwenye tishu nje ya mshipa. Mshipa ukichanika, damu inakutana nayo, kigandishi namba VII kinashika kazi. Damu inayoganda ni ileile.

FundiSilikoni:
Kwetu "-a nje" ingepotosha kabisa. Nusukipitishi (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu) cha extrinsic ni silikoni iliyotiwa chembe kidogo za fosforasi au boroni. Atomu moja ya fosforasi kwa kila milioni ya silikoni inatosha kubadili kabisa upitishaji wake wa umeme. Na atomu hiyo imekaa ndani ya fuwele, kwenye nafasi ya atomu ya silikoni! Ningependekeza "-geni".

MnyooshaViungo:
"-geni" hapana, mkuu. Mgonjwa akisikia ana misuli migeni atadhani amepandikizwa.

Mstari_na_Duara:
Naomba nitofautiane nanyi kidogo. Kwenye jiometria neno halizungumzii kitu kilikotoka. Chukua karatasi, chora pembetatu, kisha ikunje iwe bomba. Ukiitazama, imepinda. Lakini mdudu bapa anayeishi juu ya karatasi akipima pembe zake bado atapata nyuzi 180. Mpindo ule unauona wewe uliyesimama nje. Ndio tunaouita extrinsic. Mwanahisabati Gauss alionyesha mwaka 1827 kwamba upo mpindo mwingine ambao mdudu yule angeweza kuupima bila kutoka kwenye uso wake, kama wa tufe. Kamera nazo ziko upande wetu: vipimo vya extrinsic ni mahali ilipo na inakoelekea. Ukiihamisha vinabadilika, lenzi haijaguswa.

KalamuYaUsiku:
Ahsanteni sana, nimesoma mara tatu. Basi naona maana mbili: kilichotoka nje, na kinachotegemea kilicho nje. Nilikuwa natafuta neno moja la kufunika zote, ndiyo maana nikakwama. "Motisha ya nje" (extrinsic motivation, yaani kufanya kazi kwa ajili ya zawadi) nitaiacha ilivyo, watu wameshaizoea, na zawadi kweli inatoka nje ya kazi yenyewe. Kwenye anatomia nitaandika "misuli yenye chanzo nje ya kiganja". Ni ndefu, lakini hakuna atakayeitafuta chini ya ngozi. Leo nasahihisha jicho, lile lenye misuli sita ya kuligeuza, halafu ulimi.

MnyooshaViungo:
Kwenye ulimi kuwa makini: minne yenye chanzo nje inausogeza huku na huku, na minne ya ndani inabadilisha umbo lake. Nitumie sura hiyo niipitie.