Kuomba msaada kwa watu ni kukosa imani?

mche_mkavu: Wapendwa hivi kumwambia mtu "nimekwama nisaidie" ni kukosa imani? Mi nikibanwa naishia kuomba chumbani kimya kimya, kwa watu naona aibu mpaka basi

taa_ndogo: Hapana aisee. Soma Kutoka 17, Musa alikuwa ameinua mikono Israeli washinde vita, ikachoka, wakamkalisha kwenye jiwe, Haruni huku Huri kule wakaishikilia mpaka jua linazama, na huyo Musa ndo yule wa kugawanya bahari ya Shamu jamani 😅

msafiri2: Hata Yesu kule bustani ya Gethsemane, usiku wa kukamatwa, aliwaambia wanafunzi wake watatu kaeni mkeshe nami. Wakalala zao, ila aliomba

mama_neema: Samahani kama nakukwaza, mi kwangu ilikuwa kiburi tu. Tafuta mtu mmoja na usiseme "niombee" tu, taja kitu chenyewe

mche_mkavu: Duh hapo kwenye kiburi... ngoja nimpigie mzee wa kanisa