Walimu wa 2020: kufundisha kwa simu na mgonjwa yuko ndani, tupeane uzoefu

Mwalimu Chaki: Leo nimewasha simu ya zamani nikakuta kile kikundi cha WhatsApp cha darasa la nane. Sauti 214 za hesabu nilizorekodi jikoni. Nyuma ya karibu kila moja mama mkwe anakohoa au mtoto analilia uji. Shule za Kenya zilifungwa Machi kwa sababu ya corona. Hawa wa mtihani wakarudi Oktoba 12, wengine hadi Januari 4. Nyinyi mlivukaje?

Bi Tuni: Weeh, umenitonesha.

Fundi Redio: Kwetu Baringo bando lenyewe la kubahatisha. Niliwaambia wazazi wafungulie watoto Redio Taifa, vipindi vya KICD, ile taasisi ya mitaala, vinapita, nami nikaingia shambani. Mshahara wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, ulikuja kama kawaida.

Mayai Mawili: Hapo kwenye mshahara ungenyamaza tu. Sisi wa shule za binafsi tulipata ujumbe mmoja wa simu: likizo bila malipo. Nikachemsha mayai, nikayatembeza mtaani na shati langu la ualimu, mbio nifike nyumbani kabla ya saa moja, kafyu. Mzazi wa mwanafunzi wangu alininunulia manne akakataa chenji. Nililia.

Fundi Redio: Sasa kosa langu ni lipi?

Mayai Mawili: Hujakosa. Unaudhi.

Wa Mbeya: Huku Bongo Juni 29 tulikuwa darasani. Hizo Zoom tulizisikia kwenu.

Bi Tuni: Hongera. Uzoefu wako basi uko wapi?

Wa Mbeya: Watoto tisini, madirisha wazi, na nyumbani baba ana pumu. Kila jioni navua nguo uani, naoga kwa ndoo, ndipo namsalimia kwa mbali. Huo si uzoefu, dada?

Bi Tuni: Samahani, kaka.

Bint Kibokoni: Mimi nilikuwa Mji wa Kale, Mombasa. Walokuwepo wanaijua Mei 6: hatoki mtu, haingii mtu, na ni Ramadhani. Mamangu ana sukari. Siku hiyo alijidunga insulini alfajiri kisha akakataa uji, ati na yeye afunge kama wenziwe. Mimi sina habari. Saa nne niko Zoom, watoto kumi na wawili kati ya arobaini, naeleza ngeli ya U-ZI. Namsikia chumbani anazungumza na baba. Baba alikufa 2009. Nikatupa simu kitandani bila kuizima. Namkuta sukari imemshuka, jasho linamtiririka, anatetemeka, mimi ananiita jina la dadake. Nakoroga sukari na maji, namnywesha kwa kijiko, nusu inamwagika, napiga kelele: mama meza, mama usilale! Mlango ukagongwa. Ni mtoto wa darasa hilohilo, anakaa vichochoro vitatu kutoka kwetu, soda mkononi, barakoa kidevuni, mwenyewe amefunga. Alisikia kila kitu. Na huyo wallahi ndiye niliyekuwa nikimwandika mtoro kila wiki. Mama alipotulia nikashika simu kuwaaga wale wengine. Zoom ishakata, dakika arobaini za bure zimekwisha.

Mwalimu Chaki: Nimeshindwa kuendelea kusahihisha hapa.

Shemeji Mkubwa: Mwenye mgonjwa wa sukari aweke asali karibu na kitanda.

Mayai Mawili: Asali ya siku hizi? Yote sukari guru.

Shemeji Mkubwa: Si ndiyo inayotakiwa!

Bi Tuni: Na rekodini masomo usiku, nyumba imelala.

Mwalimu Chaki: Usiku ndio mama mkwe alikuwa akiamka kunisimulia harusi yake.

Wa Mbeya: Bint Kibokoni, huyo wa soda alipata ngapi KCPE, mtihani wenu wa darasa la nane?

Bint Kibokoni: Alama za mtoto wa watu sizitaji. Mtoto mwenyewe huja kumjulia mama hali kila Idi. Ngeli ya U-ZI mpaka leo haijui.