Saundi kadi ya kujiundia inapiga "nyiiii" hata wimbo ukisimama

mzeewalehemu:
Habari za jioni wakuu, nimejiundia saundi kadi ya nje, USB inaingia chipu ya PCM2706 inayoipokea, halafu sauti ya dijitali inapita I2S (njia ya waya kati ya chipu) inaenda PCM5102A inayoigeuza kuwa ya analogi, hiyo ya pili nailisha 3.3V toka regulata ya AMS1117 moja tu, yote nimelehemu kwenye vero bodi (ile ya matundu). Muziki unatoka safi sitanii, ila ukisimamisha wimbo kuna nyiiii nyembamba na chini yake mngurumo. Nimebadilisha PCM5102A mara mbili, vilevile. Ninunue chipu ya ghali zaidi au?

Kb_Tanga:
Mkuu utamaliza duka zima. Chomoa chaja ya laptopu, ibaki na betri, sikiliza tena uje.

mzeewalehemu:
Duh mngurumo umekata! Nyiiii bado ipo

Kb_Tanga:
Basi mngurumo ulikuwa unazunguka kati ya graundi ya chaja na ya spika zako za umeme. Nyiiii ni USB yenyewe, kwa PCM2706 kompyuta inaanza fremu mpya (zamu ya kutuma data) kila milisekunde 1, yaani mara 1000 kwa sekunde, ndo hiyo 1 kHz unayoisikia, umeme wa 5V unatikisika kila fremu na wewe miguu ya umeme ya PCM5102A umeifunga pamoja: AVDD ya analogi, DVDD ya dijitali na CPVDD ya pampu ya chaji. Ipe AVDD regulata yake, LT3042 kelele yake ni 0.8 µV tu (miguu midogo hiyo, tafuta lenzi), kapasita zikae mguuni mwa chipu sio sentimita tatu huko.

sauti_kavu:
Na vero bodi tupa. Chora PCB (bodi yenye njia za shaba) ya leya mbili, chini kote graundi, usiikate. Mimi nilitenganisha graundi ya dijitali na analogi nikijiona mjanja, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Alafu hedifoni usichomeke moja kwa moja, PCM5102A ni ya laini (ya kulisha ampu), inataka mzigo wa ohm 1,000 kwenda juu, hedifoni nyingi ni 32.

mzeewalehemu:
Nimening'iniza regulata ya pili kwa waya, nyiiii sasa mpaka nifungulie ampu mwisho ndo naisikia 🙌 ila chaja je, siwezi kusikiliza kwa betri tu kila siku

Kb_Tanga:
Weka ADuM4160, chipu ya kutenga USB kiumeme, katikati ya USB, inaenda 12 Mbps, PCM2706 haihitaji zaidi. Ila na umeme wake utenge, la sivyo graundi inarudi kwa mlango wa uani.