Tupeane uzoefu: hadithi za wezi wajanja na uchawi zilikunasa wapi?

Wakuu, habari za jioni.

Mimi nilianzia kwa bibi, Pangani. Akisema "Paukwa!" sisi "Pakawa!", na usiku ule ilikuwa zamu ya Ali Baba. Kwenye neno la kufungua pango la wezi, bibi hakutaja simsim. Alisema "Ufuta, funguka!", maana ufuta tuliujua, tuliula kwenye kashata. Kasim, ndugu yake Ali Baba, alipofungiwa pangoni akawa anataja shayiri, anataja kila nafaka isipokuwa ile yenyewe, mimi nimeng'ang'ania mkono wa bibi namnong'oneza jibu. Ali Baba naye anaiba, ila anawaibia wezi, na silaha yake ni neno alilolisikia akiwa juu ya mti. Neno hata mtoto analiweza.

Ukubwani nikasoma kwamba kisa hiki hakimo katika nakala za kale za Kiarabu za Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland, aliyezitafsiri hadithi hizo, alisimuliwa mwaka 1709 mjini Paris na Hanna Diyab, mtu wa Aleppo, Syria. Nilifurahi mno. Kumbe kilitoka mdomoni kwanza, kama kwa bibi!

Haya, nanyi tusimulieni.

Wa Mombasa: Wangu mimi ni Murjana, yule mjakazi wa Ali Baba. Taa imeishiwa mafuta, anakwenda uani kuchota kwenye mitungi, mara sauti ndani ya mtungi inamuuliza, "Wakati umefika?" Anajibu, "Bado." Anapita mtungi hadi mtungi, wezi 37, wote anawajibu hivyo hivyo, kisha anarudi jikoni kuchemsha mafuta. Nimefanya kazi kwenye nyumba za watu tangu nina miaka 16. Kumkuta mtumishi mwenye akili kuliko nyumba nzima kulinitoa machozi.

Wa Dodoma: Kwetu alikuwa Sungura na asali ya Simba kule mbuyuni. Hadi leo namshangilia.

Wa Morogoro: Mleta mada, kwangu ilikuwa ngumu. Mwaka jana walivunja kibanda changu cha ushonaji, wakabeba vyerehani viwili. Miezi mingi sikutaka kusikia hadithi ya mwizi. Binti yangu ndiye aliyekileta kitabu. Tulipofika pangoni akaniuliza, "Baba, wale wa kibandani nao walikuwa na neno?" Nikamwambia hapana mama, walikuja na mtalimbo. Akanyamaza kidogo, akafungua ukurasa unaofuata.