Kuta kutota maji na rangi kubanduka: tupeane uzoefu

Wakuu, kila masika hapa Dar mafundi rangi wanaitwa kwenye ukuta uleule, kona ileile ya mwaka jana. Msimamo wangu: usinunue ndoo ya rangi kabla hujajua maji yanaingilia wapi.

Kwangu Tabata doa lilianzia sakafuni likapanda mpaka usawa wa goti, juu yake mstari wa njano, chini plasta imetoa unga mweupe wa chumvi. Ukiigusa kwa kucha inamomonyoka. Nje ya ukuta huo kuna bustani, na udongo ulikuwa umepanda kupita sakafu ya ndani. Tuliuchimba hadi sentimita 15 chini ya sakafu, tukamwaga zege lenye mteremko wa kutoa maji nje. Plasta mbovu ilibanduliwa mpaka tofali, ukuta ukaachwa ukauke kiangazi kizima ndipo tukapiga plasta mpya. Hadi sasa ni mkavu. Wengine doa lilikaa wapi, na mligunduaje?

Wa Mbezi Beach: Langu lilikuwa juu. Nyumba ya kontemporari, bati limefichwa nyuma ya ukuta. Silingi bodi ikavimba, fundi akapaka rangi ya mafuta, mvua iliyofuata ikatoa malengelenge. Fundi wa pili alipanda juu akakuta gata limejaa majani ya mwembe na bomba la kushusha maji limeziba. Alisafisha, akaongeza bomba jingine, na akatoboa tundu upande wa nje ili gata likijaa maji yamwagike uani.

Wa Kimara: Kama doa halijali mvua wala jua, angalia bafu lililo nyuma yake. Funga koki zote usiku, soma mita, asubuhi soma tena; ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja. Wenye simtanki: fungeni koki ya kuingiza maji, wekeni alama usawa wa maji ndani ya tanki, asubuhi mtazame kama yameshuka.

Wa Unguja: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukarabati wa zamani uliipiga plasta ya saruji. Mawe haya yanavuta maji, na chokaa huyaachia yakauke. Saruji ikayafungia ndani, unyevu ukazidi kupanda, mwisho plasta ikadondoka mapande. Tuliivua yote tukarudisha chokaa, na juu yake rangi ya chokaa. Tafadhalini, mchanga wa bahari msiutie kwenye plasta. Chumvi yake huvuta unyevu wa hewani hata kiangazi.

Fundi wa Tegeta: Asiye na uhakika abandike kipande cha nailoni ukutani, gundi pande zote nne, aache siku mbili. Matone yakikaa upande wa ukuta, maji yamo ukutani. Yakikaa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa ya ndani, hapo fungua madirisha.

Wa Ukonga: Fundi, chumba cha watoto kinanuka uvundo nyuma ya kabati na kuna fangasi weusi. Naibandika leo?

Fundi wa Tegeta: Sogeza kabati kwanza, dada, ukuta upate hewa wiki nzima, na watoto walale chumba kingine. Fangasi wasiporudi, rudisha kabati liache nafasi ya kiganja na ukuta. Wakirudi, bandika nailoni utuletee jibu.