Kuongoza okestra ya pops huku unapiga dramu, na mazoezi ni mara moja tu: mnajipangaje?

Kijiti_Kaskazini:
Wakuu, habari za kazi. Nawauliza mnaozunguka na maonyesho ya pops, yaani okestra ikipiga nyimbo zinazopendwa, huku Marekani. Nimetokea kwenye dansi, chombo changu ni dramu. Nimepewa onyesho la mwimbaji linalokwenda mji hadi mji. Tunasafiri na kinanda na besi tu. Kila tunapofika tunakuta okestra ya wenyeji, tunafanya nao mazoezi mchana, usiku tunapanda jukwaani. Mwongozaji ni mimi, na dramu ni mimi. Nota zitumwe lini na zikaeje? Zile saa mbili na nusu za mazoezi nizigaweje? Nibebe vyombo gani kwenye ndege?

Mkutubi_wa_Nota:
Mkuu, mazoezi yako yanaanza kwenye karatasi, wiki kadhaa kabla ya kusafiri. Kila okestra ina mkutubi wake, mtu anayetunza na kugawa nota. Mpelekee orodha kamili ya vyombo unavyohitaji: filimbi ngapi, honi ngapi, tarumbeta ngapi, kinubi kipo au hakipo, wapiga ala za kugonga wangapi na kila mmoja anagonga nini. Muulize ana vayolini ngapi. Wanakaa wawili kwa stendi moja, kwa hiyo vayolini za kwanza 12 zinahitaji nakala 6. Alama za upinde, yaani uvutwe chini au usukumwe juu, ziwe zimeshaandikwa, maana zikikosekana zitajadiliwa ndani ya muda wako.

Karatasi isiwe ya A4. Sentimita 23 kwa 30 au kubwa zaidi, nene kidogo ili taa isipenye, na mistari mitano ya nota iwe na kimo cha karibu milimita 8. Geuzo la ukurasa liangukie mahali mpigaji amepumzika. Kosa linalokula muda kuliko yote ni namba za vipimo (vile vigawanyo vya nota kati ya mistari ya wima) kutofautiana: wewe unasema "tuanze 47", kwenye karatasi ya tromboni 47 ni mahali pengine.

Sasa hesabu. Saa mbili na nusu ni dakika 150. Toa mapumziko, mara nyingi kama 20, unabaki na 130. Onyesho la dakika 75 huwezi kulipitia mara mbili. Anza na wimbo wenye okestra nzima na sauti kubwa, fundi sauti apime kila kitu. Fuata wenye mabadiliko mengi ya mwendo. Nyimbo nyepesi piga mwanzo, viungio na mwisho, basi. Ukipitiliza muda, nyongeza hulipwa kwa vipande vya robo saa kwa watu zaidi ya sitini, na mwenye onyesho hatakusahau.

Umesema umetoka dansi, basi shika hili mapema. Kwenye sebene atalaku akitoa ishara, bendi nzima inageuka. Okestra haigeuki isipokuwa imeandikwa. Kama mwimbaji anapenda kuongea na watu katikati ya wimbo, andika kwenye karatasi ZOTE vipimo vinne vya kurudia mpaka ishara, kisha mwambie kila mtu ishara yenyewe ni ipi. Ngumi juu inatosha.

Pigo_la_Kwanza:
Naongezea upande wa kuongoza ukiwa umekaa. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde. Aliyekaa mita 12 kutoka kwako anakusikia ukiwa umechelewa milisekunde 35, na sauti yake inachukua nyingine 35 kukurudia. Kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125, kwa hiyo huo mzunguko ni zaidi ya nusu yake. Ukiwasikiliza ukawasubiri, nao watakusubiri, na wimbo utalala kabla ya kiitikio. Usiwasubiri. Waombe wafuate kinachoonekana, si kinachosikika.

Ndiyo maana lazima waone mikono yako. Shusha matoazi, haihati (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) isipite kifua, na jukwaa dogo la dramu liwe na kimo cha sentimita 30 hivi. Tumia vijiti vyeupe. Kiongozi wa vayolini akuone moja kwa moja, kwa sababu safu zilizo nyuma yake zinamwangalia yeye. Wimbo wa taratibu ambao mwimbaji anavuta na kuachia maneno usiuongoze ukiwa umekaa: simama, shika kifimbo, na sehemu ya dramu mpe mpigaji wa ala za kugonga wa wenyeji, tena iandikwe nota kwa nota.

Kuhusu ule ukuta wa plastiki mbele ya dramu: unawaokoa wapiga filimbi walio karibu, lakini unarudisha sauti ya matoazi usoni kwako. Omba vizuizi laini nyuma yako pia. Kikomo cha kelele kinachopendekezwa ili kulinda masikio ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikipanda 3 muda unakatika nusu. Piga kwa vijiti vya fito zilizofungwa pamoja pale wimbo unaporuhusu.

Sanduku_Jekundu:
Vyombo: beba snea, matoazi, pedali na vijiti. Mengine yote yakodiwe kule, na uandike vipimo, usiandike "dramu nzuri". Besi dramu ya inchi 20, tomu 12 na 14, ngozi mpya za juu zenye mpako mweupe unaokwaruza, zulia la mita 2 kwa 2. Dramu ya besi ya 22 inameza okestra.

Mashirika mengi ya ndege ya Marekani yanaweka kikomo cha kilo 23 na jumla ya sentimita 158 kwa begi la kawaida. Kanuni iliyoanza 2015 inayataka yakubali ala ndogo ndani ya ndege kama nafasi ipo wakati unapanda, kwa hiyo panda mapema na matoazi yako. Betri za lithiamu zikae nawe, si kwenye mzigo.

Kinachokosekana kwenye vyombo vya kukodi ni vidogo: kishikio cha haihati, vijimirija vya plastiki vya stendi za matoazi, nati za mabawa, ufunguo wa dramu. Weka pea mbili za kila kimoja kwenye mkoba wa mkononi.

Kijiti_Kaskazini:
Asanteni sana wakuu. Kuna wimbo mwimbaji anaanza peke yake bila mwendo, kisha kliki, ule mlio wa kuhesabu mwendo masikioni, inaingia. Nani aiwashe?

Pigo_la_Kwanza:
Wewe mwenyewe, kwa swichi ya mguu karibu na haihati. Weka vipimo viwili vya kuhesabu vinavyosikika masikioni mwenu tu, na uvionyeshe kwa kijiti kwa okestra. Iwashe neno la mwisho la mwimbaji likianza, si likiisha, na mazoezini mjaribu mpaka mjue neno hilo ni lipi.