Mrejesho: Mtoto asiyetulia wakati wa kusomewa

Niliwauliza nifanyeje na binti yangu wa miaka 3, ambaye kila nilipoanza kumsomea alinyanyuka kabla ukurasa wa pili haujaisha. Ushauri uliofaa zaidi ni ule wa kutofuata maandishi neno kwa neno: sasa yeye ndiye anayefunua kurasa, mimi namwuliza anaona nini pichani, kisha jibu lake, hata likiwa la neno moja, nalirefusha kuwa sentensi kamili, naye huirudia. Anataka kitabu kilekile kila usiku, jambo linalonichosha mimi kuliko yeye, ila ameshaanza kumalizia sentensi kabla sijazisoma. Kuzima televisheni bado kunatushinda, hasa baba yake anapofuatilia mpira.